Visanduku 16: historia ya programu za muziki, kwa anayeanza hapa mpakani

Najua mmezoea kukuta hapa mambo ya hifadhidata na Linux. Leo naomba tuzungumzie muziki, au tuseme programu za kutengenezea muziki, maana hizo nazo ni programu kama programu nyingine, na zina historia ambayo anayeanza haambiwi.

Mimi si prodyuza. Kazi yangu ni kuandika programu, na ukiwa mtu wa kompyuta katika mji wa mpakani kama Busia, wateja wako ni mawakala wa forodha, wenye malori na wenye maduka ya jumla. Lakini jioni wanaobisha mlango ni vijana wa hapa mjini, na wengine wanatoka Malaba, laptopu kwapani, wanataka niwawekee FL. Kwao mtu wa kompyuta ni mtu wa kompyuta, hakuna cha kubagua. Nikaona heri nijifunze misingi yake mwenyewe, kuliko kuweka kila siku kitu nisichokielewa. Kama kawaida yangu, nikishika programu nataka kujua nani aliiandika, lini, na kwa nini aliiandika hivyo. Huko ndiko nilikokuta jambo la leo.

(Kabla hatujaenda mbali: kwangu mimi biti ni sifuri au moja. Kwa hawa vijana biti ni mdundo mzima. Katika makala hii biti ni ya kwao.)

Ukiifungua FL Studio mara ya kwanza unakutana na safu chache za visanduku. Kiki, makofi, hai-hati, sneya, na mbele ya kila sauti visanduku 16. Unabofya kisanduku kinawaka, na zamu yake ikifika sauti inalia. Ikifika mwisho inarudi mwanzo. Ndani ya dakika tano mtoto wa darasa la sita ameshatengeneza biti na anatikisa kichwa. Ni rahisi kweli, na nawavulia kofia walioibuni.

Swali langu lilikuwa: kwa nini 16?

Jibu liko Osaka, Japani. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ilitoa mashine ya ngoma iliyoitwa TR-808, na chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa vitufe 16. Hesabu yake ni mita ya 4/4, yaani midundo minne, na kila mdundo umekatwa vipande vinne. Nne mara nne, 16. Mita hiyo ndiyo ya sehemu kubwa ya muziki wa redio wa Marekani na Ulaya, na aliyetengeneza mashine ya kuuza huko hakuwa na sababu ya kuanza na nyingine. 808 haikuuzwa sana. Iliacha kutengenezwa mwaka 1983 baada ya mashine kama 12,000 hivi, kisha watu wa hip hop wakazinunua kuukuu kwa bei ya chini, na sauti ya kiki yake mpaka leo inatikisa madirisha ya matatu.

Mwaka huohuo wa 1980 Mmarekani mmoja, Roger Linn, alitoa mashine yake, LM-1. Yeye alitumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, na bei yake ilikuwa karibu dola 5,000. Linn ndiye aliyetuletea amri mbili ambazo zimo katika kila programu ya leo. Ya kwanza ni kwantaizi: umepiga kidogo mapema au umechelewa, mashine inakivuta kipigo chako hadi kwenye mstari ulio karibu. Ya pili ni swingi, ambayo inachelewesha kila kipigo cha pili ili mdundo uyumbe kidogo usiwe mkavu. Shikeni hiyo kwantaizi, nitairudia.

Mwaka 1983 ikaja MIDI, kazi iliyosukumwa hasa na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland. Ni lugha ya vyombo kuambiana "piga noti fulani, kwa nguvu kiasi fulani, sasa acha". Noti zimepewa namba 0 hadi 127, namba nzima, na kila namba kwa kawaida ni kitufe kimoja cha piano. Kwa mwandishi wa programu MIDI ni kitu cha kupendeza: kidogo, wazi, na baada ya miaka zaidi ya 40 bado kinafanya kazi. Ni itifaki ngapi zimeishi hivyo? Baadaye kompyuta ya Atari ST ya mwaka 1985 ikatoka na matundu ya MIDI yakiwa yamejengwa humohumo, na mwaka 1989 Steinberg ya Ujerumani ikaiandikia Cubase. Mwaka 1996 Steinberg haohao wakaleta VST, njia ya kuweka vyombo vya studio ndani ya kompyuta kama vipande vya programu, zile plagini.

Na mwishoni mwa 1997, Ubelgiji, kijana mmoja aitwaye Didier Dambrin, akiwa na kampuni ya Image-Line, akaandika programu ndogo iitwayo FruityLoops. Ilikuwa mashine ya ngoma ya MIDI yenye njia nne tu, na visanduku vyake vilifuata mstari uleule wa vitufe. Mwaka 2003 ikabadilishwa jina kuwa FL Studio, sababu mojawapo ikiwa kwamba jina la kwanza lilikaribiana mno na nafaka za kifungua kinywa za Kellogg's. Sasa unaelewa. Kijana wa Malaba akibofya kisanduku cha tano kwa panya, anabonyeza kitufe cha Osaka cha mwaka 1980.

Si vibaya. Ila kitufe hicho hakikuundwa kwa ngoma za kwao, na kwao ngoma zipo.

Sehemu hizi mpaka mwaka 1902 zilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza wakazihamishia upande wa pili wa karatasi zao. Mstari ukaja kupita katikati ya watu. Wasamia wako huku na huko, Wateso wako huku na huko. Mji huu umeishi kwa kuuvuka mstari huo: neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 karatasi zinagongwa mahali pamoja. Muziki ulikuwa umefanya hivyo zamani. Akogo ya Wateso, ile ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, haikuulizwa pasipoti.

Kwa upande wa Kenya, ukanda huu wa magharibi ulitoa omutibo, ule mtindo wa gitaa kavu wa kina George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Hapo hapakuwa na mashine ya ngoma. Palikuwa na chupa ya Fanta. Ile chupa ya zamani yenye mistari mwilini ilikwaruzwa kwa chuma, na ndiyo ilikuwa hai-hati. Abana ba Nasery wa Bunyore, kundi la Shem Tube, waliibeba chupa hiyo mpaka kwenye rekodi zilizotolewa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Studio zilikuwa mbali: mtu alisafiri hadi Nairobi, au Kericho kwa Chandarana, apewe muda mfupi arekodi na kurudi nyumbani. Kompyuta ilipoanza kuchukua nafasi ya bendi studioni, majina makubwa yaliendelea kuwa ya miji mikubwa: Ogopa DJs na Calif Records za Nairobi, Bongo Records ya P-Funk kule Dar es Salaam. Hata Jose Chameleone wa Uganda alianzia kazi yake kwa Ogopa.

Leo studio iko kwapani kwa kijana anayebisha mlango wangu. Hilo ni jambo kubwa, na silidharau hata kidogo. Lakini angalia kinachotokea. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, jirani zetu wa Kakamega, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Katika sababu zilizotajwa zimo hizi mbili: wenye ujuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na watunzi wanapendelea muziki unaolipa. Wanaotunga muziki unaolipa ndio hawahawa wenye laptopu. Akitokea mmoja wao akataka kuingiza ngoma ya babu yake, kizuizi cha kwanza ni visanduku 16.

Nieleze. Hesabu isukuti kwa kidole mezani. Haiendi moja-mbili-tatu-nne, inaenda moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mzunguko unakaa vizuri katika 12. Sasa mrekodi mzee akipiga, ingiza kwenye programu ya mita 4/4, kisha bonyeza kwantaizi kama video za YouTube zinavyofundisha. Programu inakuta vipigo vitatu mahali inapotegemea vinne. Inafanya ilichoandikiwa, inavivuta vyote hadi kwenye mistari yake. Kinachotoka ni ngoma inayochechemea. Kijana anasikia, anakunja uso, na anasema mzee hajui kushika muda! Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu, ndani ya chumba changu. Mzee alikuwa ameshika muda barabara. Gridi ndiyo iliyokuwa ya wimbo mwingine.

Sasa twende upande wa pili wa mpaka, maana huko kuna kitu kilichonifanya nisilale. Ukiivuka Busia ukaendelea na barabara ya Jinja unapita Busoga, halafu Buganda. Huko kuna zilofoni za mbao, embaire kwa Basoga, amadinda kwa Baganda. Amadinda ina mbao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza anapiga sehemu yake kwa mapigo sawasawa. Wa pili anapachika ya kwake katikati kabisa ya mapigo ya wa kwanza, kipigo kwa kipigo, kama meno ya zipu. Wa tatu anasikiliza noti mbili za chini kabisa zinazotokea katika mchanganyiko huo na kuzirudia juu. Hakuna anayepiga wimbo wote. Wimbo unatokea katikati yao.

Kasi yake kwa pamoja hupita mapigo 500 kwa dakika. Fanya hesabu: sekunde 60 ukigawa kwa 500 ni sekunde 0.12. Na kisanduku kimoja cha FL kwa kasi ya BPM 125? Sekunde 0.12. Yaani Baganda walikuwa na sikwensa ya hatua, kwa kasi ileile ya klabu, miaka mingi kabla ya umeme. Tofauti ni kwamba mizunguko yao haikufungwa kwenye 16. Ipo ya 24, ipo ya 36, kila wimbo na urefu wake.

Haya yaliandikwa mapema. Joseph Kyagambiddwa alichapisha kitabu juu ya muziki huu mwaka 1955. Gerhard Kubik wa Austria alikuja akajifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, akaandika sehemu hizo kwa namba 1 hadi 5 na nukta. Ukiona karatasi hizo utadhani ni faili la sikwensa. Bahati nzuri ziliandikwa, maana Mei 1966 jeshi la Obote liliivamia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni na wanamuziki wake wakatawanyika.

Kwa hiyo kwa anayeanza, ushauri wangu unaanza na mita, kabla ya plagini na kabla ya kiki ya 808. Tafuta mahali pa kuweka mita ya mradi. Katika FL Studio mita za namna mbalimbali zilirahisishwa sana kuanzia toleo la 20 la mwaka 2018, na katika LMMS iko kwenye upau wa juu kabisa. Weka 3/4. Visanduku vitakuwa 12. Sasa usijali jina la mita, hesabu mwenyewe tatu tatu: kiki kwenye cha 1, 4, 7 na 10. Metronomu itakusumbua, itagonga kwenye 1, 5 na 9, mara tatu wakati wewe unahesabu nne. Izime. Au usiizime, isikilize kwa dakika moja, maana tatu dhidi ya nne ndiyo ladha yenyewe. Kasi nayo ina hesabu yake: programu inadhani mdundo ni visanduku vinne, wako ni vitatu, hivyo ukitaka midundo 120 kwa dakika andika 90.

Sauti pia usizitafute mbali. Chupa zipo, simu ya mkononi ina maikrofoni. Rekodi mkwaruzo mmoja ndani ya chumba chenye magodoro au nguo, ukate kwa Audacity, uingize kama sampuli. Audacity ni ya bure tangu mwaka 2000.

Kwa zilofoni kuna kazi zaidi. Piano inagawa oktava mara 12, senti 100 kila hatua. Amadinda inaigawa mara tano kwa nafasi zinazokaribiana sana, kwa hiyo kama senti 240 kila moja: 0, 240, 480, 720, 960. (Zinabadilika kidogo kutoka chombo hadi chombo, hizi ni hesabu safi.) Hakuna hata moja baada ya sifuri inayoangukia kwenye kitufe cha piano. Ukianzia C, chukua D uipandishe senti 40, F uishushe 20, G uipandishe 20, na B bemoli uishushe 40. Kila sampuli ina kidude cha kurekebisha senti, na hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kama hujafanya hivyo na unashangaa kwa nini zilofoni yako inasikika kama nasari ya Ulaya, sababu ndiyo hiyo.

Na kwantaizi? Sikuambii usiitumie. Programu nyingi zinakuruhusu kuivuta kwa asilimia, 30 au 50 badala ya 100. Ila weka gridi sahihi kwanza, ndipo uvute.

Wapo waliokwishafanya haya. Kaskazini ya Uganda, Leo Palayeng na Otim Alpha waliihamishia larakaraka, muziki wa harusi wa Waacholi, ndani ya kompyuta, na kazi zao zikatoka mwaka 2017 kama Gulu City Anthems. Mwaka huohuo ikatoka Sounds of Sisso, singeli ya Dar es Salaam inayokwenda kasi kiasi kwamba mapafu yanauma kwa kusikiliza tu. Mwaka 2023 kikatoka santuri ya kikundi cha embaire cha Nakibembe, Busoga, pamoja na wanamuziki wa Indonesia. Zote tatu zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hakuna aliyesubiri Nairobi.

Juu ya programu zilizovunjwa kufuli: vijana huja nazo kwenye flashi kutoka huku na kule, na mimi huwa sizigusi. Nusu ya virusi ninavyosafisha mjini hapa vimeingia kwa njia hiyo. Toleo la majaribio la FL Studio linakuruhusu kutengeneza na kutoa wimbo bure, tatizo lake ni kwamba mradi ukishaufunga huwezi kuufungua tena mpaka ulipe. Ukilipa mara moja unapata matoleo yote yajayo. Asiye na pesa achukue LMMS, iko tangu mwaka 2004, ya bure kabisa. Na kama kibodi yako inachelewa kulia, punguza bafa ya sauti: sampuli 2,048 kwa kiwango cha 44,100 ni milisekunde 46, sikio linaziona. Sampuli 256 ni kama milisekunde 6, na laptopu kuukuu ikianza kukwaruza panda hadi 512.

Mwisho wa kazi toa WAV kwanza uiweke salama, kama megabaiti 10 kwa dakika moja ya wimbo. MP3 ya kilobiti 128 itakuwa megabaiti moja kwa dakika, hiyo ndiyo ya kadi ya dereva wa boda. Mpe aipige njiani kutoka Busia mpaka Bumala, kisha muulize kama ngoma kubwa ilisikika. Kwa zile spika ndogo huwa haisikiki. Irudie nakala yake oktava moja juu, kwa sauti ya chini, umpe tena.